Bei ya Debe la Maji

Msomaji, huenda nyumbani kwenu mna mfereji ambao ukifunguliwa maji hutiririka, na ukifungwa hukoma. Au huenda kila alfajiri, kabla ya kuvaa sare ya shule, wewe au dada yako hushika mtungi na kuifuata njia ya kisimani. Ikiwa wewe ni wa kundi la kwanza, bei ya maji kwako ni hesabu iletwayo kila mwezi, na mzazi huilipa kwa kunung'unika. Ikiwa wewe ni wa kundi la pili, yamkini utasema kwamba maji yenu hayana bei. Insha hii yataka kukuonyesha kwamba neno hilo si kweli. Mwenye kuteka kisimani hulipa, tena mara nyingi hulipa zaidi kuliko mwenye mfereji. Na kwa kuwa jambo hilo halikutambuliwa mapema, watu wetu wengi wamekaa miaka mingi katika taabu ambayo ingaliweza kuondolewa. Tutalitazama jambo lenyewe katika pwani ya Kenya, hasa katika nchi ya Kwale, kwa sababu huko lilichunguzwa kwa makini na kuwafundisha mengi hata wataalamu wa nchi za mbali.

Tuanze na zama za kale. Katika miji ya pwani, kuchimba kisima kulihesabiwa kuwa sadaka kubwa. Mtu aliyejaliwa mali alichimba kisima ili apate thawabu, na kando ya msikiti palikuwa na kisima na birika la kutawadhia. Sultani Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata 1888, aliwaletea watu wa mji wake maji kwa mifereji kutoka chemchemi zilizo nje ya mji, na mpaka leo hukumbukwa kwa wema huo. Basi katika mawazo ya watu maji yalikuwa ni neema ya Mungu, na neema haiuzwi.

Lakini maji hayatembei peke yake toka kisimani hadi jikoni. Sharti ayachukue mtu. Katika nyumba za matajiri wa pwani waliokuwa wakiyachukua ni watumwa, nao hawakulipwa. Katika nyumba za maskini waliyachukua mama na binti, nao pia hawakulipwa. Utumwa ulipokomeshwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, kazi ya mtumwa haikutoweka, ila ilianza kuonekana bei yake. Hamali wa maji alipita mitaani na mzegazega begani, mti mmoja wenye madebe mawili, moja mbele na moja nyuma, akauza maji nyumba kwa nyumba. Debe lenyewe lilikuwa ni la mafuta ya taa, lenye kuchukua galoni 4. Aliyenunua debe hilo hakununua maji hasa. Alinunua bega la hamali na hatua zake. Likumbuke jambo hili, msomaji, maana ndilo ufunguo wa habari yote ifuatayo.

Mji wa Mombasa ulipokua, visima vyake havikutosha. Kisiwa kimezungukwa na bahari, na kisima kikitekwa kupita kiasi maji yake huingiwa na chumvi. Kwa hiyo mapema katika karne ya 20 maji matamu yalivutwa kutoka chemchemi ya Marere, iliyo katika vilima vya Shimba huko Kwale. Hayo nayo yakawa haba, na katika miaka ya 1950 likatandikwa bomba kubwa kutoka Mzima, mahali ambapo mvua inyeshayo juu ya milima ya Chyulu hupenya katika mawe ya volkano na kutokeza chini ikiwa safi kama kioo. Bomba hilo lina urefu wa kilometa 220 hivi, nayo maji hushuka kwa uzito wake mwenyewe mpaka pwani. Mwenye nyumba ya mjini aliyeunganishwa alifungiwa mita, akalipa kwa kadiri alivyotumia. Angalia basi ajabu iliyopo: maji ya vilima vya Kwale yalifika kwa bomba kwa watu wa Mombasa, hali wanawake wengi wa Kwale yenyewe waliendelea kuyafuata maji kwa miguu na kuyarudisha kwa kichwa.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, serikali mpya iliona vyema kwamba uhuru wenye kiu si uhuru kamili. Wananchi walichanga kwa harambee, wakachimba mitaro na kutandika mabomba. Mwaka 1974 iliundwa wizara ya maji iliyo peke yake, na mwaka huohuo ukatolewa mpango mkuu wenye ahadi kwamba ifikapo mwaka 2000 kila nyumba itakuwa na maji safi karibu nayo. Ahadi hiyo ilikuwa njema, na waliyoitoa walikuwa na nia njema. Kwa nini basi haikutimia?

Sababu zilikuwa nyingi: watu waliongezeka upesi, mafuta yalipanda bei, na ukame ulikuja mara kwa mara. Lakini mlikuwamo na sababu nyingine iliyojificha ndani ya fikira za wapangaji wenyewe. Wao walisema, "Mwanakijiji ni maskini, hawezi kulipa." Kwa hiyo mradi wa kijiji ulipewa bei ndogo sana, au haukupewa bei kabisa. Fedha za kujenga zilipatikana, nyingine kutoka hazina na nyingine kutoka nchi rafiki. Lakini fedha za kununua mafuta ya mashine, za kubadili mpira uliochakaa, za kumlipa mlinzi wa tangi, hizo hazikupatikana. Mashine ilifanya kazi mwaka mmoja au miwili, kisha ikanyamaza. Wanawake wakairudia njia ya kisima cha zamani, wakiyapita njiani mabomba makavu. Tena palikuwa na kanuni iliyotumiwa na wapangaji wa nchi nyingi, kwamba jamaa yeyote aweza kutoa hadi sehemu 3 au 5 katika kila 100 za mapato yake kwa ajili ya maji. Kanuni hiyo ilitumika Afrika, Asia na Amerika ya Kusini vilevile, kana kwamba watu wote ni mamoja. Wachache sana walikwenda kuwauliza wenye kiu wenyewe.

Miongoni mwa wachache hao walikuwako Gilbert White, David Bradley na Anne White. Kati ya mwaka 1966 na 1968, wao na wasaidizi wao, wengi wakiwa wanafunzi wa Afrika Mashariki, walipita mahali 34 katika Kenya, Uganda na Tanzania. Walihesabu safari, walipima madebe, waliwauliza akina mama kwa nini walikichagua kisima hiki wakakiacha kile. Kitabu chao kilichapishwa mwaka 1972, nacho kilionyesha kwamba mteka maji si mtu wa kufuata mazoea tu kama kipofu. Huyapima maji kwa ladha, kwa rangi, kwa umbali, kwa foleni na kwa fedha, kisha huamua. Mwaka 1997 watafiti wengine walirudi mahali palepale, wakakuta habari ya kusikitisha: wasiokuwa na mifereji walikuwa wakitumia muda zaidi ya mara tatu kuliko ule wa kwanza katika kutafuta maji, na wenye mifereji wengi walipata maji machache kuliko zamani kwa kuwa mabomba yalikuwa yamechakaa.

Sasa twende Ukunda. Mji huu uko kusini mwa Mombasa, karibu na pwani ya Diani yenye mahoteli ya watalii. Katikati ya miaka ya 1980 ulikuwa mji mdogo wa watu elfu chache, wenyeji na wageni waliofuata kazi. Bomba lilikuwa limefika mjini, lakini nyumba zilizounganishwa nalo zilikuwa chache mno. Wengine wote walikuwa na njia tatu. Njia ya kwanza ni kisima: maji bila fedha, lakini mbali, na aghalabu si safi. Ya pili ni kioski: mwenye kioski ana bomba na mita, huuza maji kwa debe kwa bei ndogo, lakini mnunuzi sharti aende mwenyewe na kubeba mwenyewe. Ya tatu ni mchuuzi: huyo hununua maji kioskini, huyapakia katika mkokoteni au baiskeli, na kuyafikisha mlangoni, naye hutoza bei iliyo mara nyingi kuliko ile ya kioski.

Watafiti walioongozwa na Dale Whittington walifika Ukunda wakiwa na swali jepesi: je, watu huchagua njia gani, na kwa nini? Kama kanuni ya wapangaji ingekuwa kweli, basi maskini wote wangalikwenda kisimani. Lakini waliona sivyo. Sehemu kubwa ya maji ya mji ule yalipita katika mikono ya wachuuzi, na walionunua hawakuwa matajiri. Walikuwamo akina mama wafanyao biashara ndogo, na vibarua wasiokuwa na mtu wa kumtuma. Fedha walizozitoa kwa mwaka mzima zilipojumlishwa zilionekana kutosha kugharimia mabomba ya kuusambazia mji maji. Fahamu maana yake, msomaji: mji ulioambiwa kwamba hauwezi kulipia bomba ulikuwa tayari unalilipia bomba, ila fedha zilikwenda njia nyingine, na bomba lenyewe halikuonekana.

Usimlaumu mchuuzi kwa hayo. Kazi yake ni ngumu, jua ni kali, na mkokoteni uliojaa mitungi huvunja mgongo. Alipoulizwa faida yake ni nini, ilionekana kwamba sehemu kubwa ya bei ni ujira wa jasho lake tu. Kosa halikuwa lake. Kosa lilikuwa ni kutumia misuli ya mtu kwa kazi ambayo bomba laifanya usiku na mchana kwa gharama ndogo.

Watafiti hao walipata na jambo la pili, nalo ni kubwa kuliko la kwanza. Mtu aliye karibu na kioski lakini akanunua kwa mchuuzi ametoa fedha ili aokoe muda. Ukijua ametoa kiasi gani, na ameokoa dakika ngapi, waweza kujua yeye mwenyewe aipa saa yake thamani gani. Kabla ya hapo baadhi ya mabenki ya maendeleo yalizoea kuihesabu saa ya mteka maji kwa nusu ya ujira wa kibarua; na wako waliosema kwamba saa ya mwanamke wa kijijini haina bei kabisa, kwa kuwa hana kazi ya kuajiriwa. Hesabu ya Ukunda ilijibu kwamba saa hiyo, kwa kipimo cha wenyewe, yakaribia ujira kamili wa kibarua. Mama wa Ukunda alikuwa ameijua siku zote thamani ya saa yake. Waliokuwa hawaijui ni wapangaji.

Ili ulione jambo hili kwa macho yako, chukua kalamu tufanye hesabu. Nitatumia bei za mfano tu. Wewe waweza kutia zile za mtaani kwenu. Tuseme nyumba ina watu 6, na kila mmoja atumia lita 20 kwa siku. Hizo ni lita 120, yaani mitungi 6 ya lita 20. Ikiwa kwenda kisimani, kungoja zamu na kurudi ni dakika 40, na kila safari ni mtungi mmoja, basi kila siku huenda dakika 240, ambazo ni saa 4. Kwa siku 30 ni saa 120. Gawanya kwa saa 8 za kazi, utapata siku 15. Maji yale "ya bure" yamekula nusu ya mwezi wa mtu mzima, au yamekula masomo ya msichana. Sasa tuseme mchuuzi auza mtungi kwa shilingi 10: hiyo ni shilingi 60 kwa siku na 1,800 kwa mwezi. Kioski kikiuza kwa shilingi 3, ni shilingi 540 kwa mwezi. Na nyumba yenye mfereji, ikitozwa shilingi 100 kwa kila lita 1,000, italipa shilingi 360 kwa lita 3,600 zilezile. Waona basi: aliye maskini hununua kwa mtungi mmojammoja, na kwa hiyo hununua ghali. Wahenga walisema kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Ndivyo shilingi 10, iliyo kitu kidogo kwa mwenye nacho, ilivyo mzigo kwa mwenye kuitoa mara 6 kila siku.

Huenda utauliza: kama watu wako radhi kulipa, kwa nini hawakujenga wenyewe? Jibu lapatikana katika Kwale hiyohiyo. Mwaka 1983 ulianzishwa huko mradi wa pampu za mkono. Mwanzoni wataalamu walitazama chuma tu: pampu ipi yadumu, ipi yavunjika. Baadaye ikadhihirika kwamba pampu hufa si kwa sababu ya chuma peke yake, bali kwa sababu haina mwenyewe. Likaingia shirika la wananchi liitwalo KWAHO, na wafanyakazi wake wakakaa na wanakijiji kabla ya kuchimba. Kila kijiji kiliunda kamati, wanawake wakiwa miongoni mwa wajumbe wake. Kila kamati ilikusanya michango na kufungua akaunti benki kwa ajili ya matengenezo. Pampu yenyewe, iitwayo Afridev, iliyobuniwa kwa majaribio ya Malawi na Kenya, ilifanywa iwe nyepesi kufunguliwa kwa zana chache, na wanawake walifundishwa kuitengeneza. Siku hizo wako waliocheka kumwona mama ameshika spana. Lakini pampu ilipoharibika, mama huyo hakungoja gari kutoka mjini. Fedha zilikuwapo, ujuzi ulikuwapo, na maji yalirudi. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini sharti kibaba kiwe na mwenye kukitunza, na waliochanga waweze kukiona.

Ndipo ikajulikana kwamba utayari wa kulipa si kitu kilichofungwa ndani ya mfuko wa mtu kikisubiri kuhesabiwa. Hutegemea mambo kadha wa kadha. Mtu hulipa akijua kwamba maji yatakuja kesho pia. Hulipa zaidi kwa mfereji ulio uani kuliko kwa bomba la njia panda. Hulipa kidogo wakati wa masika, mvua ikijaza mapipa, na hulipa zaidi wakati wa kiangazi. Hulipa akimwamini mwenye kuishika fedha. Naye aliyekwisha kuona mchango wa kwanza ukiliwa, hatoi wa pili. Uchunguzi wa namna hii ulifanywa pia huko Haiti, Nigeria, Brazil, India, Pakistan na Zimbabwe, na kila mahali ile kanuni ya kupimia watu wote kwa kipimo kimoja ilishindwa.

Watafiti walitumia njia mbili. Ya kwanza ni kutazama mtu afanyavyo, kama Ukunda. Ya pili ni kumwuliza: "Bomba likiletwa hapa, utakubali kutoa kiasi hiki kwa mwezi? Ukikubali, je, zaidi ya hapo?" mpaka aseme basi. Njia hii yataka uangalifu. Mmoja aweza kutaja kidogo ili atozwe kidogo. Mwingine aweza kutaja kingi ili amfurahishe mgeni, au ili bomba lije upesi. Ndiyo maana mwulizaji mwema huyalinganisha maneno na matendo.

Hata hivyo, msomaji, usifikiri kwamba habari hii yaishia kwa kusema, "Watozwe, kwa maana wanalipa." Kuwa radhi si sawa na kuweza. Aliyebanwa na kiu hutoa fedha ya chakula au ya karo kwa kuwa hana la kufanya, na utayari wa namna hiyo si ushahidi wa wingi wa mali, bali ni ushahidi wa dhiki. Kwa sababu hiyo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Na mwaka huohuo Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba maji safi ni haki ya binadamu. Haki haimaanishi kwamba bomba litajitengeneza lenyewe bila gharama. Yamaanisha kwamba gharama zigawanywe kwa insafu, mwenye bustani na hodhi la kuogelea asilipe kidogo kwa kila lita kuliko mama wa mtungi mmoja. Mwaka 2015 katika mtaa wa Mathare, Nairobi, viliwekwa vioski vya mashine vilivyotoa lita 20 kwa senti 50, sehemu ndogo tu ya bei ya wachuuzi. Hilo lilionyesha kwamba maskini aweza kulipa bila kunyonywa, mradi njia ya maji na njia ya fedha zote mbili ziwe wazi.

Basi, jioni ya leo uulize nyumbani: mtungi mmoja ni shilingi ngapi, au ni hatua ngapi? Ni nani aendaye, na angalikuwa akifanya nini saa hiyo? Andika tarakimu, zijumlishe kwa mwezi, uzilinganishe na zile za jirani mwenye mfereji. Hesabu hiyo ni historia ya nyumba yenu, na haimo katika kitabu chochote. Siku moja huenda utakaa katika kamati ya maji, au katika baraza la kaunti, na mtu atasimama aseme kwamba watu wa kijiji fulani ni maskini, hawawezi kulipa, na kwa hiyo wangoje. Siku hiyo uifungue karatasi yako, umwonyeshe ni kiasi gani ambacho watu hao wamekuwa wakilipa kila siku, kwa fedha na kwa shingo zao.